Daraja la Siwema na Kuta Mbili za Akibani

Nchi nyingine mtu huzifikia kwa miguu, nyingine huzifikia kwa kuuliza. Akibani ni nchi ya kuuliza. Bi Mashavu binti Kombo, ambaye tangu utoto hakuweza kupita penye mlango uliofungwa bila kutaka kujua ndani kunapikwa nini, aliingia huko asubuhi moja ya kiangazi na kanga zake mbili, kikapu cha ukindu, na neno moja tu mdomoni.

"Hamjambo?" aliwaambia watu waliokuwa wakianika mtama kando ya njia.

Walishtuka kana kwamba amewavulia nguo. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio. Mzee mmoja aligeuka akatazama mbuzi. Mwanamke mrefu, mwenye vidole vilivyokomaa kwa kusokota kamba, aliweka ungo chini, akaja karibu kabisa, akamshika Bi Mashavu mkono, ndipo akamnong'oneza.

"Usiseme mbichi hadharani, mgeni. Njoo ndani."

"Mbichi? Salamu nayo hupikwa?"

"Ndani, shoga yangu. Ndani."

Mwanamke huyo aliitwa Siwema, na ndiye aliyekuwa mtunza daraja wa mji. Nyumbani kwake, juu ya mkeka, na uji wa mtama ukipoa baina yao, alimweleza mgeni wake sheria ya kwanza ya Akibani. Watu wanaoweza kula katika sinia moja wanaruhusiwa kuongea watakavyo. Wakizidi hapo, neno halitoki mdomoni. Linapelekwa Nyumba ya Kusubiri, linatiwa kwenye kibuyu, kibuyu kinaandikiwa saa yake, na saa ikifika ukuta mkubwa wa mji unalisema kwa sauti: fulani asema hivi na hivi. Neno lililokaa kibuyuni huitwa neno lililoiva. Lililotoka mdomoni papo hapo ni bichi, na mtu wa heshima halisemi, wala halisikilizi.

"Na mtu akiwa na haraka?" aliuliza Bi Mashavu.

"Mwenye haraka ndiye hasa wa kungojeshwa. Ndivyo tulivyolelewa."

Bi Mashavu alikaa siku kadhaa, na kila siku aliona jambo la kumfanya asimame. Asubuhi moja ukuta ulisema, "Bwana Shauri asema: jamani, mvua ya leo ni neema." Jua lilikuwa kali la kupasua vichwa. Hata hivyo watu walitoka na miavuli yao, wakatembea nayo hadi adhuhuri, kwa kumstahi Bwana Shauri, ambaye naye alipita na wa kwake akitokwa na jasho. Siku nyingine aliwakuta majirani wawili wamekaa jikoni wakichoma mahindi, mmoja akimmenyea mwenzake, na ukuta ukitangaza kwamba huyu anamwita yule mwizi wa kuku na mtoto wa mwizi wa kuku. Walisikiliza mpaka mwisho.

"Lilikuwa zuri," alisema aliyetukanwa.

"Nililiweka mwezi uliopita, kabla hatujapatana," alisema mwenziwe. "Lakini hapo pa mtoto wa mwizi palinipa kazi."

"Panasikika."

Bi Mashavu aliwauliza kwa nini wasilitoe mapema, maadamu ugomvi ulikwisha. Wakamtazama kwa huruma, kama mtu atazamavyo mtoto anayeuliza kwa nini maji hayapandi mlima. Neno lililowekwa, walimwambia, lina haki kuliko aliyeliweka. Alipokuwa akiliweka alikuwa ametulia na amefikiri. Leo ni nani ajuaye ametulia au hakutulia?

Basi alipomwona Siwema amekaa uani, mapajani kipande cha kamba alichokitoa darajani, hali chakula, alikwisha kuijua nchi kiasi cha kuogopa kabla hajauliza.

Kamba ile ilikuwa ya katani, nene kama mkono wa mtoto, na pale katikati ilikuwa imetafunwa ikabaki nyuzi. Mji wa Akibani umekaa ng'ambo zote mbili za korongo lenye kina kirefu, na daraja la Siwema, la kamba na mbao, ndilo linaloziunganisha pande mbili. Njia nyingine ni kuzunguka milima, safari ya siku kadhaa. Mwaka huo Siwema alikuwa amezipaka kamba mafuta ya mbuzi ili zisikauke na kukatika. Hazikukauka. Ila panya walisikia harufu ya mafuta.

"Panya hao wamekula upande wa chini, mtu hapaoni," alisema. "Mwenzangu, hilo daraja halimbebi hata mbwa."

"Si ulifunge? Weka miiba pale mdomoni."

"Niliweka jana. Askari wamekuja wameitoa. Neno langu lipo kibuyuni tangu mwezi mwandamo: Daraja liko tayari, vukeni. Litatoka kesho kutwa alfajiri, Sikukuu ya Kuvuka. Wameniambia, wewe ni nani hata umpinge Siwema?" Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Na mwanangu Sikudhani yuko ng'ambo. Amejifungua, hata arobaini imekwisha. Mzazi mpya ndiye huvuka wa kwanza, hiyo ndiyo heshima yake. Ataniletea mtoto nimpakate, sijamwona bado. Akisikia neno langu, atakuja."

Bi Mashavu aliuliza kama hawezi kusimama kwenye genge akamwita. Siwema alimjibu kwamba kijiji cha ng'ambo kiko nyuma ya kilima, na hakuna ashukaye korongoni mpaka ukuta wa huko useme. Halafu, kuita ni kusema mbichi.

"Lakini neno linaweza kutengenezwa likiwa bado kibuyuni," alisema, akijinyanyua. "Yupo Msaidizi."

Nyumba ya Kusubiri ilikuwa ndefu na ya baridi, na vibuyu vilining'inia darini kama popo, kila kimoja na saa yake. Mkuu wake, Bwana Hifadhi, mtu mnene wa sauti ya taratibu aliyevaa kofia ya vito viwili vitatu, aliwapokea kwa adabu na kuwaonyesha mtungi mkubwa katikati ya ukumbi. Zamani, alisema, mtu alipanda ngazi mwenyewe, akakitafuta kibuyu chake katika vumbi, akalitoa neno, akalifuta na kulipanga upya, akapiga chafya. Kisha mafundi wakaleta sauti hii isiyo na mwili, inayokaa mtungini. Unaiambia, inafanya. Ngazi zikapasuliwa kuni.

"Zote?" aliuliza Bi Mashavu.

"Zilikuwa kuni nzuri," alisema Bwana Hifadhi.

Siwema aliinama kwenye mdomo wa mtungi. "Msaidizi, kuna neno langu la daraja."

"Karibu sana, Mama Siwema," ilisema sauti, laini kama maziwa ya moto. "Nimefurahi umekuja. Nikubadilishie nini?"

"Palipo na liko tayari, weka limeoza. Palipo na vukeni, weka msivuke."

"Mabadiliko mazuri, yenye busara. Nayafanya."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Siwema alishusha pumzi. Bi Mashavu, kwa ile tabia yake, alitaka kuuliza neno lenyewe sasa linasomekaje, lakini Bwana Hifadhi alikwisha kuwasindikiza mlangoni. Hawajavuka kizingiti, ukuta wa mji ukanguruma:

"Siwema asema: Limeoza. Msivuke."

Mji mzima ulisimama. Kisha mama wa nyumba ya kwanza alitoka mbio na sufuria ya samaki, akaimwaga jaani, maana kama si samaki ni nini kilichooza? Muuza mayai alianza kuyanusa moja moja. Njiani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waliokuwa upande huu wa barabara walibaki upande huu, na wa upande ule walibaki kule, wakitazamana. Bwana harusi mmoja, kanzu nyeupe, alikuwa ameuweka mguu mmoja ng'ambo ya mtaro wa maji machafu na wa pili bado, akabaki hivyo hivyo, amepanuka, jasho likimtiririka.

"Bwana wee, vuka tu!" Bi Mashavu alimwambia, akisahau sheria.

Bwana harusi alifumba macho, kwa aibu ya kusemeshwa mbichi.

Walirudi ndani. Siwema aliuinamia mtungi kwa kishindo hata kilemba kikalegea. "Nilikuambia maneno mawili tu! Daraja liko wapi? Saa iko wapi?"

"Daraja hukulitaja, mama, wala saa hukuitaja," ilisema sauti ya mtungini, bila haya wala hasira. "Kisichotajwa kimeachwa. Na neno lisilo na saa hutoka papo hapo. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza. Je, kuna jingine ninaloweza kukusaidia?"

Bi Mashavu alimgeukia Bwana Hifadhi. "Mzee wangu, hebu nieleweshe mjinga mimi. Mtu akimpelekea fundi gauni, akasema nibadilishie vifungo, fundi humrudishia vifungo vitupu?"

"Fundi ana macho, bibi. Msaidizi ana utii. Baraza lilijadili jambo hili mwaka mzima."

"Likaamua nini?"

"Halijaamua. Wenye kusema ombi liwe neno zima waliweka hotuba zao zitoke masika, na wenye kupinga waliweka za kwao zitoke kabla ya hapo. Kwa hiyo majibu yalitoka kwanza, na maswali bado yananing'inia pale." Alinyoosha kidole darini kwa fahari. "Ni mjadala uliotulia sana."

"Na kwa nini mtu haiambii sauti isome ilichofanya kabla hajaondoka?"

Makarani waliokuwa karibu waliacha kazi. Bwana Hifadhi alishusha sauti. "Ukimwuliza mtu umemaliza, akasema nimemaliza, halafu ukamwambia nionyeshe, si umemwita mwongo? Hapa hatuishi hivyo."

Lakini Siwema alikuwa amekwisha kuinama tena. Safari hii alisema neno zima, polepole, kama amlishaye mgonjwa: daraja la korongo limeoza kamba, mtu yeyote asivuke, litangazwe Sikukuu ya Kuvuka alfajiri. Kisha akafumba macho, akasema lile la aibu. "Sasa nisomee."

Karani mmoja alikohoa. Sauti ilisoma. Kila kitu kilikuwemo, na Msaidizi hata aliongeza mwanzoni, "Wapendwa wakazi," jambo ambalo Siwema aliliacha, maana hakuwa na nguvu za kubishana na mtungi juu ya mapenzi. Walipotoka, ukuta ulikuwa umekwisha kutangaza, kwa amri ya Bwana Hifadhi mwenyewe ambaye ana kibuyu cha dharura, kwamba barabara na mitaro zinavukika. Bwana harusi alikuwa amekwenda zake, akichechemea.

Siku ile Siwema alikula. Alipika ndizi kwa nazi, akamwonyesha mgeni wake kitambaa cha kumbebea mjukuu, alichokishona kwa mkono, chenye ua jekundu kila pembe. Alisema daraja litasukwa upya, na Sikudhani atavuka mwezi ujao, na mtoto hatakuwa amezeeka.

Sikukuu ilipofika walikuwa korongoni kabla ya jua, wao na watu wa upande wao wa mji waliovaa vizuri. Siwema alibeba panga lake na shada la katani mpya, kwa nia ya kuanza kazi mara tu neno litakapotoka. Ukuta ulisema kama ulivyoambiwa. Wapendwa wakazi, daraja limeoza, mtu asivuke. Watu waliitikia kwa vichwa, wakaanza kukunja mikeka yao. Bwana Hifadhi, aliyekuja na askari wawili, alimpa Siwema mkono.

Hapo upepo ukageuka, na kutoka nyuma ya kilima cha ng'ambo ikaja sauti nyingine, hafifu lakini haina shaka:

"Siwema asema: Daraja liko tayari. Vukeni."

Siwema aliuachia mkono wa Bwana Hifadhi.

"Kuta ni mbili," alisema. "Yarabi. Niliweka kote kuwili."

"Hukuutaja ukuta wa ng'ambo," alisema Bwana Hifadhi, naye amepauka. "Usipotaja ukuta, Msaidizi huutengeneza ulio karibu naye. Ungetaja tu, mama. Mtungi uko hata kule, sauti ni ile ile."

"Nenda kamwambie Msaidizi sasa!"

"Nimwambie nini? Neno limekwisha kutoka."

Watu wa ng'ambo walikuwa tayari wameanza kushuka kilimani, safu ndefu yenye kanga za rangi, na mbele yao mwanamke mwembamba aliyejifunga mtoto kifuani. Korongo pale si pana sana, ni kama uwanja wa mpira wa watoto. Siwema alimtambua mwanawe kwa mwendo.

"Sikudhani! Usije! Kamba zimeoza!"

Safu yote ilisimama na kuziba masikio. Sikudhani naye aliziba, kwa adabu aliyofunzwa na mama huyo huyo, akainamisha uso. Alipoona midomo ya mama yake imefumba, alishusha mikono, akaashiria kwa upole kule nyuma ya kilima. Maana yake ilikuwa wazi: nimekusikia, mama, umesema nivuke.

Bi Mashavu naye aliizungusha mikono mdomoni, akapiga kelele. Alirusha mawe. Alivua kanga yake moja akaipunga. Kule wakampungia, wakidhani ni shangwe za sikukuu.

Sikudhani aliweka mkono kwenye kamba ya pembeni, akampangusa mtoto uso.

Siwema alitazama daraja. Alikuwa amelisuka na mume wake wakati bado wanaitwa vijana. Kila ubao aliujua kwa mlio wake. Akaliinua panga.

"Siwema!" alisema Bwana Hifadhi, kwa sauti kubwa, mbichi kabisa, hata mwenyewe akashangaa. "Unapinga neno lako mwenyewe!"

"Nalipinga, bwana."

Askari mmoja alimwendea. Bi Mashavu alijiweka katikati, kikapu mbele kama ngao, akamwambia kwamba yeye ni mgeni, na mgeni akiumizwa wataweka maneno mengi sana kibuyuni kueleza. Askari aliliwazia hilo. Muda aliotumia kuwaza ulitosha.

Sikudhani aliona panga limeinuka, akarudisha mguu aliokuwa ameuweka kwenye ubao wa kwanza. Panga lilishuka kwenye kamba ya kulia, ikakatika. Kamba ya kushoto haikungoja panga. Ilipasuka yenyewe, pale pale panya walipokula, kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, na daraja zima likaanguka, likapiga ukuta wa korongo upande wa pili, mbao zikitawanyika chini zikigongana muda mrefu.

Kule ng'ambo safu ilibaki imesimama kwa mpangilio wake mbele ya shimo. Mzee wao alitazama palipokuwa na daraja, akageuka akatazama kilima, akatazama tena. Aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega, kana kwamba anamwuliza kinachowachelewesha.

Bwana Hifadhi aliketi juu ya jiwe. Baada ya kufikiri alitoa maoni yake kwa askari wake, kwa sauti ya sinia moja, kwamba neno halina kosa, maana lilitoka kwa saa yake. Kosa ni la daraja. Ataweka shutuma dhidi ya daraja, itoke baada ya mavuno. Kuhusu Siwema itabidi Baraza lijadili, na hapo alitazama juu, kama mtu anayehesabu vibuyu ambavyo bado ni vitupu, akaonekana kuchoka.

Siwema hakumsikiliza. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, panga bado mkononi. Ng'ambo, Sikudhani aliitazama ile kamba iliyopasuka ikining'inia upande wa mama yake, akazitazama nyuzi zake. Ikamchukua muda. Kisha watu walio nyuma yake walimwona akikifungua kitambaa kifuani, akamtoa mtoto, akamwinua juu kwa mikono miwili kuelekea upande wa pili. Mtoto alionekana waziwazi, mwenye nywele nyingi, akipiga miguu hewani kwa hasira ya kuamshwa.

"Ana nywele," alisema Siwema. "Mashavu, umeziona? Zile ni nywele za baba yake Sikudhani."

Katika nchi ile hata jina la mtoto hungoja kibuyu. Husemwa na ukuta, mbele ya mji, mtoto akitimiza miezi miwili, na kabla ya hapo mama yake humwita mgeni tu. Bi Mashavu hakulijua hilo siku ile, akaambiwa baadaye. Alichokiona ni Sikudhani akifumbua mdomo, akaufumba, akawatazama watu wake, ambao baadhi yao walikuwa wameanza kuinua mikono kuelekea masikioni kwa kuhisi linalokuja.

"Mama!" aliita Sikudhani, na sauti ilivunjika njiani, maana hakuwahi kuitumia kwa umbali ule. "Anaitwa Siwema! Nimempa jina lako! Siwema!"

Korongo lililirudisha jina mara mbili.

Siwema aliliweka panga chini. Akaikusanya mikono yake kuzunguka mdomo, kama alivyomwona Bi Mashavu akifanya.

"Sijasikia!" alipiga kelele. "Sema tena!"

Bi Mashavu alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuguswa na bega lake, naye alijua wazi kwamba Siwema alikuwa amesikia.